Kompyuta Ofisini: Usimcheke Mwenzako

Kama unafanya kazi ofisini, iwe ni masjala, hospitali, shule au chama cha kuweka na kukopa, bila shaka umewahi kukaa mbele ya kompyuta iliyogoma huku watu wamepanga foleni wakikutazama. Jasho linakutoka. Unabonyeza hiki, unabonyeza kile, na moyoni unajisemea kwamba mashine hii haikutengenezwa kwa ajili yako. Nami nimekaa kwenye kiti hicho. Pia nimekaa kwenye kiti cha pili, kile cha "mtaalamu" anayeitwa kuja kusaidia. Leo nataka kukueleza zaidi habari za kiti hicho cha pili, kwa sababu hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtoto wa mwenzangu alilipia.

Mama wa mashine ya chapa

Mwaka 2016 nilikuwa karani wa uhasibu katika shule moja ya sekondari huku kwetu pwani. Meza iliyokuwa karibu na yangu ilikuwa ya mama mmoja ambaye alikuwa mpiga chapa tangu miaka ya 1980. Sote tulimwita Mama. Watoto wake walikuwa wakubwa kunizidi mimi. Aliweza kupiga chapa barua ya ukurasa mzima bila kutazama vidole na bila kosa hata moja, huku akikuuliza umeamkaje na watoto hawajambo.

Mama alijifunza kazi wakati ambapo kompyuta hazikuwa jambo la kawaida nchini. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, na amri hiyo ilikuja kuondolewa katika miaka ya 1990. Kwa hiyo binti aliyesomea uhazili wakati ule alisomea mashine ya chapa, karatasi ya kaboni na hati mkato, na aliyefuzu vizuri aliheshimika sana.

Basi mkuu wa shule akaamua kwamba lile daftari kubwa la ada liachwe, na malipo yote ya wanafunzi yaingizwe katika programu ya majedwali, Excel. Nikaambiwa nimfundishe Mama. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka chuoni, najiona najua.

Nilimfundisha kwa siku tatu. Nikikumbuka sasa naona haya. Nilisimama nyuma ya kiti chake, nikainama begani kwake, nikashika kipanya mwenyewe. Bofya hapa, bofya pale, jumla hiyo hapo. "Unaona, Mama? Rahisi tu." Akajibu, "Naona, mwanangu." Hakuuliza swali hata moja, nami nikauchukua ukimya wake kuwa ni kuelewa. Dada mpendwa, mtu mzima anayefundishwa na kijana mbele ya watu hawezi kusema kirahisi kwamba hajaelewa. Hilo ningelijua kama ningelifikiri kwa dakika moja tu.

Siku mtoto aliporudishwa

Muhula ule ada ilikuwa shilingi 350,000, na wazazi wengi walilipa kwa awamu benki. Wiki ya saba tulitoa orodha ya wanaodaiwa, na waliokuwa kwenye orodha wakarudishwa nyumbani na barua. Miongoni mwao alikuwemo binti mmoja wa kidato cha nne ambaye kompyuta ilisema amelipa 200,000 na anadaiwa 150,000.

Siku ya nne mama yake akaja. Ni mama anayeuza samaki, na alikuja moja kwa moja kutoka sokoni. "Hamjambo wanangu?" "Hatujambo, shikamoo mama." "Marahaba." Hakupiga kelele. Akatoa mfuko wa plastiki alimotunza kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na karatasi zake zote za maana, akaweka mezani stakabadhi mbili za benki. Moja ya 150,000, nyingine ya 200,000. Ada ya muhula mzima.

Nikafungua jedwali. Malipo yote mawili yalikuwamo. Nikasoma kwa macho yangu: 150,000 na 200,000. Lakini penye jumla kompyuta ilikuwa imeandika 200,000. Nikafunga programu, nikafungua tena. Nikazima mashine, nikawasha. Bado 200,000. Mama wa samaki ameketi ananitazama. Unaweza kufikiri hali niliyokuwa nayo.

Ilinichukua karibu saa nzima kugundua. Excel ina desturi moja ambayo kila anayeitumia inafaa aijue: kama hukuibadilisha, tarakimu huegemea upande wa kulia wa kisanduku chake, na maneno huegemea kushoto. Jedwali letu nilikuwa nimelipamba. Nilikuwa nimepanga kila kitu kikae katikati ili lipendeze likichapishwa. Nilipoondoa mapambo yale, tarakimu nyingi zikaenda kulia, lakini 150,000 ya yule binti ikaruka kushoto. Kompyuta ilikuwa inaliona kuwa ni neno. Na kanuni ya kujumlisha, ile iitwayo SUM, ikikuta neno katikati ya tarakimu hailalamiki. Inaliruka tu kimya kimya.

Nikatazama kwa karibu. Ile "1" ya mwanzo haikuwa moja. Ilikuwa herufi "l", ile ndogo ya katika neno "lala".

Nikamwita Mama nikamwonyesha. Akashangaa kweli. "Lakini mwanangu, mashine zetu hazikuwa na moja."

Na ni kweli kabisa! Mashine nyingi za chapa za zamani hazikuwa na kitufe cha 1. Waliozitengeneza walipunguza kitufe kimoja, na wapiga chapa wakafundishwa kutumia herufi "l" mahali pa moja, kwa kuwa kwenye karatasi zinafanana. Mama alikuwa amefanya hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Vidole vyake vilikuwa vinafuata mafunzo yake. Nami, kwa kupenda mapambo, nilikuwa nimechagua mwandiko wa Times New Roman, ambao "l" na "1" ni vigumu kuvitofautisha kwa macho.

Tulipekua jedwali lote hadi jioni. Kila malipo yaliyokuwa na tarakimu ya moja na yaliyoandikwa na Mama yalikuwa na kasoro hiyo. Waliolipa 200,000 au 350,000 kwa mkupuo hawakuguswa. Walioumia ni wale waliolipa kidogo kidogo, 100,000 leo, 150,000 mwezi ujao. Yaani walioumia ni wale ambao pesa zao zilikuwa zimepatikana kwa shida zaidi. Watoto kumi na mmoja walikuwa nyumbani bila kosa lolote. Yule binti wa kidato cha nne alikuwa amekosa mtihani wa majaribio wa Hesabu, na siku ile haikurudi.

Mkuu wa shule alitaka Mama ahamishiwe stoo ya jikoni, akahesabu magunia hadi atakapostaafu. Nilimwomba anisikilize. Nikamweleza kwamba aliyepamba jedwali ni mimi, aliyechagua mwandiko ni mimi, na aliyefundisha kwa siku tatu bila kuhakikisha chochote ni mimi. Sikusema hayo kwa ushujaa. Miguu ilikuwa inatetemeka. Tukapewa mwezi mmoja, na tukaandika barua za kuomba radhi kwa wazazi wote kumi na mmoja. Mama ndiye aliyezipiga chapa.

Tulivyoanza upya

Safari ya pili sikushika kipanya. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwomba kila msomaji anayemsaidia mwenzake kazini: mikono yako iweke mapajani. Mkono unaofanya ndio unaojifunza. Ukimfanyia mwenzako, kazi itakwisha haraka leo, na kesho atakuita tena kwa jambo lile lile, nawe utasema hashiki.

Jambo la pili, niliacha neno "rahisi". Ukimwambia mtu kwamba jambo ni rahisi naye limemshinda, umemwambia nini?

Tulikaa nusu saa kila asubuhi kabla ya chai, wakati ofisi bado haina watu. Nilimuuliza kwanza ni kazi gani anaifanya kila siku, tukaanza na hiyo peke yake: kuingiza malipo ya jana. Hatukugusa kitu kingine kwa wiki nzima. Nilitengeneza nakala ya jedwali, nikaiita MAZOEZI, nikamwambia humo aharibu apendavyo. Nikamwonyesha kubonyeza Ctrl pamoja na Z, ambayo hurudisha nyuma jambo ulilolifanya sasa hivi. Mama aliifuta safu nzima ya majina, akashika kifua, akabonyeza Ctrl na Z, majina yakarudi. Alicheka mpaka machozi. Nadhani hofu yake ilikwisha asubuhi ile, maana woga mwingi wa kompyuta ni woga wa kuharibu kitu kisichorudi.

Kisha akanunua daftari la kurasa arobaini na nane. Niliacha aandike hatua kwa maneno yake mwenyewe. Mimi ningeandika "funga faili". Yeye aliandika "bonyeza msalaba mwekundu juu kulia, ukiulizwa Save sema ndiyo". Maelezo yake yalikuwa bora kuliko yangu, kwa sababu aliyaandika mtu ambaye alikuwa hajui jana.

Na tukaiwekea Excel ulinzi. Unachagua safu ya malipo, unaingia palipoandikwa Data, kisha Data Validation, halafu unachagua Whole number na kuweka kiasi cha chini na cha juu. Tangu hapo mtu akiandika herufi badala ya tarakimu, programu inakataa papo hapo na kumwambia. Kwa miezi miwili daftari lile kubwa la zamani lilienda sambamba na kompyuta, na kila Ijumaa tulilinganisha jumla zote mbili. Ofisi yoyote inayobadili programu ingefanya hivyo. Ni kazi mara mbili, ndiyo, lakini tulishaona gharama ya kuruka hatua hiyo.

Kompyuta ikigoma

Baada ya mkasa ule nikawa naitwa kila meza. Nimejifunza kwamba mambo yanayotusumbua si mengi, yanajirudia tu.

Mashine isipowaka, anza ukutani. Je, swichi ya soketi imewashwa? Je, waya wa nyuma umelegea, labda mfagiaji aliugusa asubuhi? Kompyuta ya mezani ina vitufe viwili, kimoja cha mashine na kingine cha skrini, na nimewahi kuona fundi akilipwa nauli kwa kuwasha skrini. Sitasema ofisi gani.

Ikiganda, hifadhi unachoweza, uzime na kuwasha. Watu hucheka ushauri huu, lakini una sababu. Kompyuta ikifanya kazi hujaza kumbukumbu yake ya muda, na programu moja ikikwama humo huzuia nyingine. Ukizima, kumbukumbu hiyo husafishwa yote, na kila kitu huanza upya. Ila kisichohifadhiwa kinapotea pia. Kwa hiyo jizoeze kubonyeza Ctrl na S kila umalizapo aya, hasa sisi ambao umeme hutukatikia bila kuaga. Kile kisanduku cha betri kiitwacho UPS hukupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Hakikuwekwa pale ili uendelee kufanya kazi gizani.

Neno la siri likikataliwa mara mbili, tazama taa ya Caps Lock kabla ya kumlaumu mtu. Upande wa kulia wa kibodi, tarakimu zisipoandika, bonyeza Num Lock.

Printa ndiyo inayoleta ugomvi. Huku pwani hewa ina unyevu, na karatasi iliyoachwa wazi hunyonya unyevu huo, ikashikana na kukwama. Funga ream uliyoifungua, na kabla ya kuweka karatasi zipepee kama unavyopekua kurasa za kitabu. Ikikwama, zima printa, fungua mlango wake, vuta polepole kwa mikono miwili kufuata njia ambayo karatasi ilikuwa inakwenda. Ukivuta kwa hasira kipande kitabaki ndani. Na tafadhali, isipotoa karatasi usibonyeze tena na tena. Kila ukibonyeza unaongeza nakala kwenye foleni, na siku itakapozinduka itatoa barua yako mara saba.

Faili likipotea, mara nyingi halijapotea. Huenda ulilifungua moja kwa moja kutoka kwenye barua-pepe, ukaandika humo, ukalifunga. Fungua Word au Excel yenyewe, utazame orodha ya mafaili yaliyofunguliwa karibuni. Au litafute kwa neno moja unalokumbuka katika jina lake. Hapo ndipo utakapojutia kuliita faili BARUA MPYA MPYA 2.

Flashi nayo huleta maradhi. Ukiiweka ukakuta mafaili yote yamegeuka kuwa alama zenye kishale kidogo, usizifungue, na usikubali mtu aifute flashi upesi. Mara nyingi kirusi kimeyaficha tu mafaili yako, hakijayala. Ipeleke kwenye kompyuta yenye programu ya kuua virusi iliyo ya karibuni, isafishwe, kisha mafaili yafichuliwe.

Sasa nisikilize kuhusu vitambaa. Sisi akina mama tunapenda kupamba, na ofisi nyingi nimekuta kompyuta imevikwa kitambaa kizuri cha kufuma mchana kutwa, ikiwa imewashwa. Matundu yale ya pembeni na nyuma ndiyo pua zake. Mashine ikikosa hewa hupata joto, huwa nzito, mwisho hujizima yenyewe. Ivike jioni ukishaizima, na asubuhi uivue kabla ya kuiwasha.

Kuna tatizo jingine ambalo limewapotezea watu pesa. Kompyuta ya mezani kila ikiwashwa inasema ni mwaka wa zamani sana, na tovuti nyingi zinakataa kufunguka. Fundi anasema mashine imekufa. Huenda haijafa. Ndani yake mna betri bapa kama sarafu, nyingi zimeandikwa CR2032, ambayo hutunza saa umeme unapozimwa. Betri hiyo ikiisha, saa hurudi nyuma, na tovuti za usalama zikiona tarehe isiyolingana na vyeti vyake hukataa. Betri ni ya bei ndogo, hata kwenye maduka ya saa hupatikana. Muulize fundi wako kwanza habari ya betri.

Na kama kompyuta zenu bado zinatumia Windows 10, mkumbushe mkubwa wako kwamba Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida kwa programu hiyo tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine itaendelea kuwaka, lakini haipati tena marekebisho ya bure ya usalama kama zamani, na ofisi inayotunza habari za watu haifai kukaa hivyo.

Ukiitwa kusaidia, usiulize "umebonyeza nini?" Swali hilo ni la polisi. Uliza, "ulikuwa unataka kufanya nini?" Mwenzako atakueleza yote. Na wewe unayesaidiwa, ujumbe wa kosa ukitokea kwenye skrini usiufunge kwa aibu. Upige picha kwa simu, kwa maana maneno yale ndiyo yanayomwongoza fundi. Wengi wetu huyafunga kwa sababu yako kwa Kiingereza kigumu. Sikulaumu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walitoa programu ya ofisi ya OpenOffice kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice, na baadaye Microsoft nayo ikatoa Kiswahili chake. Hata hivyo ofisi nyingi bado zinatumia Kiingereza, basi daftari la maelezo kwa Kiswahili ndiyo tafsiri yetu.

Daftari la Mama

Mwezi wetu ulipokwisha mkuu wa shule alikuja na stakabadhi kumi, akamwambia Mama aziingize mbele yake. Alimaliza kabla chai haijapoa. Kwa kasi ya vidole vyake, mara alipojua pa kuvipeleka, hakuna kijana pale ofisini aliyemfikia.

Hakuhamishiwa stoo. Mwaka uliofuata ndiye aliyewafundisha walimu wawili wa zamu kuingiza alama za mitihani, naye aliketi kando yao, mikono mapajani, nikawa natabasamu nikimwona.

Yule binti alifanya mtihani wake wa taifa mwaka ule ule, akafaulu, ingawa Hesabu haikumwendea vizuri. Mama yake bado tunaonana sokoni. Hunichagulia samaki mzuri, nami bado sijapata ujasiri wa kupunguza bei.

Mama alistaafu mwaka 2020. Daftari aliliacha kwenye droo ya meza yake, na karani aliyekuja baada yake analitumia mpaka leo, ameongeza kurasa zake mwenyewe nyuma. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa wino mwekundu, mwandiko wa mtu wa uhazili: "Moja iko juu, pembeni ya mbili. Usitumie l."